Ni Nani wa Kumzuilia Mtoto: Serikali au Wazazi?

Tarehe 10 Desemba 2025 Serikali ya Australia ilianza kutekeleza sheria ambayo hapana nchi nyingine iliyokuwa imeijaribu kwa ukubwa huo. Tangu siku hiyo makampuni yenye mitandao mikubwa ya kijamii yamekatazwa kumwachia mtoto aliye chini ya umri wa miaka 16 kuwa na akaunti kwao. Habari hizo zimezunguka dunia nzima, na huku kwetu pia zimezungumzwa barazani na jikoni. Wako waliofurahi wakasema, "Laiti na sisi tungepata sheria kama hiyo!" Na wako waliochukizwa wakauliza, "Tangu lini Serikali ikawa baba wa watoto wa watu?"

Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zina upungufu. Nasi twaona yatupasa kuzipima mbele ya wasomaji wetu kwa utulivu, bila ya kushabikia upande, maana linalopimwa hapa si simu wala mtandao, bali ni malezi ya watoto. Na watoto ni amana. Mwenye amana hana budi kujua ameiweka wapi na ni nani mwenye ufunguo.

SHERIA ILIVYO

Kwanza yafaa tuijue sheria yenyewe, kwani wengi huizungumza kwa kusikia tu. Ilipitishwa na Bunge la Australia mwishoni mwa Novemba 2024. Katika Baraza la Wawakilishi waliiunga mkono wajumbe 102, wakaipinga 13. Na katika Baraza la Seneti kura zilikuwa 34 kwa 19. Makampuni yalipewa mwaka mzima wa kujitayarisha. Mitandao iliyotajwa wakati sheria ilipoanza kazi ilikuwa 10: Facebook, Instagram, Threads, TikTok, Snapchat, X, YouTube, Reddit, Kick na Twitch. Mitandao ya kutumiana salamu, kama WhatsApp, haikutiwa, wala vyombo vya masomo vya shuleni.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: sheria hiyo haimwadhibu mtoto, wala haimwadhibu mzazi wake. Mzigo wote umewekwa juu ya kampuni. Kampuni isiyochukua hatua za kutosha kuwazuia watoto yaweza kutozwa faini ifikayo dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Kadhalika kampuni haina ruhusa ya kumlazimisha mtu atoe kitambulisho cha Serikali kuwa ndiyo njia ya pekee ya kuthibitisha umri wake. Ni lazima impe na njia nyingine.

Katikati ya Januari 2026 mamlaka ya nchi hiyo ilitangaza kuwa akaunti zipatazo milioni 4.7 zilikuwa zimefungwa. Hata hivyo yalisikika pia kwamba watoto wengine wamepenya, huyu kwa kudanganya umri, yule kwa kuazima uso wa nduguye mkubwa. Reddit nayo iliipeleka sheria hiyo mbele ya Mahkama Kuu ya nchi. Ama nchi nyingine, hazikukaa kutazama tu: mwezi wa Novemba 2025 Malaysia, ambayo Waislamu ndio wengi wake, ilitangaza nia ya kufuata njia hiyo kwa walio chini ya miaka 16, na Denmark ikatangaza mpango wa kuwazuia walio chini ya miaka 15.

KWA NINI WATU WAMEFIKA HAPA

Huenda msomaji akasema: wazee wetu waliiogopa sinema, wakaja wakaiogopa televisheni, na dunia haikuanguka. Kwa nini tuogope hili? Swali hilo ni zuri, na lastahili jawabu.

Sinema ilikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu. Filamu ilikaguliwa kabla ya kuonyeshwa, na ilipokwisha taa ziliwashwa, watu wakarudi makwao. Televisheni iliwekwa sebuleni, na mama akipita aliona kinachotazamwa. Lakini mtandao wa kijamii hauna mlango, hauna mwisho, wala hauna sebule. Mtoto huutazama peke yake, chini ya shuka, saa nane za usiku. Kurasa zake zimetengenezwa zisifike mwisho. Kila picha yaleta nyingine, na nyuma ya picha hizo kuna mashine inayohesabu ni ipi iliyomshika mtoto kwa muda mrefu zaidi, ili imletee nyingine kama hiyo. Akitua kwenye picha ya huzuni, huletewa huzuni. Akitua kwenye ugomvi, huletewa ugomvi. Na faida ya kampuni hutoka kwenye matangazo ya biashara, kwa hiyo kila dakika ya mtoto ina bei yake, ingawa mtoto mwenyewe hadhani kwamba anauzwa.

Watu huuliza, mbona mitandao mingi husema mtoto aingie akiwa na miaka 13? Je, waganga wameona kuwa akili ya mtoto hukomaa hapo? La. Umri huo watokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, iliyokataza kukusanya habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila ya idhini ya mzazi. Makampuni yaliona taabu kutafuta idhini, yakaandika tu kwamba walio chini ya umri huo wasiingie. Na kwa miaka mingi ulinzi wa mlango huo ulikuwa ni kumwuliza mtoto amezaliwa mwaka gani, na kumsadiki kwa lolote atakalojibu. Hapana duka la silaha wala la sumu linaloendeshwa kwa namna hiyo.

Ama madhara, twapenda kusema kwa uadilifu. Wataalamu hawajakubaliana wote juu ya kiasi chake. Wako wasemao kuwa mitandao ndiyo iliyozidisha huzuni na wasiwasi kwa vijana, na wako wasemao kuwa ushahidi haujatosha, na kwamba mtoto mwenye huzuni ndiye akimbiliaye simu. Lakini kuna mambo ambayo hayawezi kufumbiwa macho. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani karatasi za ndani za kampuni hiyo. Na katika hizo ilionekana kuwa watafiti wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba kwa msichana mmoja katika kila watatu Instagram ilizidisha uchungu wa kuuona mwili wake kuwa na kasoro. Mwezi wa Mei 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitoa onyo kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku katika mitandao hiyo wako katika hatari maradufu ya kupata dalili za maradhi ya moyo na fikra, kama huzuni na wasiwasi. Na huko Uingereza, mwaka 2022, hakimu achunguzaye sababu za vifo alitoa hukumu juu ya binti wa miaka 14 aliyejitoa roho mwaka 2017: kwamba yale aliyoletewa na mitandao yalichangia katika kifo chake.

Mtoto mmoja ni dunia nzima kwa mama yake. Basi asitokee mtu akasema kuwa haya ni maneno ya wazee wasiopenda mambo mapya.

HOJA ZA WANAOIKATAA SERIKALI

Wale wasemao Serikali isiingie hawakosi hoja, nasi hatutaki kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni kwamba sheria ya namna hii huvuja. Korea ya Kusini ilitunga mwaka 2011 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita za usiku hata saa kumi na mbili asubuhi. Watoto walifanya nini? Wengine waliingia kwa namba za wazazi wao. Halafu michezo ikahamia kwenye simu za mkononi, ambako sheria haikufika. Mwaka 2021 Serikali ikaamua kuifuta, na uamuzi ukaachiwa wazazi na watoto wenyewe. Na huku kwetu Afrika Mashariki, Uganda iliweka mwaka 2018 kodi ya shilingi 200 kwa siku juu ya mitandao ya kijamii. Haikuwa kwa ajili ya watoto, lakini funzo lake ni lile lile: watu wengi walitafuta njia za pembeni za kupita bila kulipa, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa nyingine juu ya intaneti yenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Ili mtoto ajulikane kuwa ni mtoto, ni lazima na mtu mzima ajulikane kuwa ni mtu mzima. Basi kila mmoja wetu atatakiwa aonyeshe uso wake au karatasi zake. Nani atazihifadhi nyuso hizo? Na Serikali iliyopewa ufunguo wa kufungia watoto, ni nani atakayeiambia isiutumie kufungia wakubwa siku itakapochukizwa na maneno yao? Mwenye kuliuliza hili si mkorofi. Ni mtu aliyeishi duniani.

Hoja ya tatu ni ya huruma. Wako watoto ambao katika mtandao wamepata elimu, au wamepata wa kuzungumza naye katika upweke wa ugonjwa au wa ulemavu. Shirika la UNICEF lilionya mwezi wa Desemba 2025 kwamba kuzuia kwa umri peke yake hakutamweka mtoto katika salama, na kwamba mtoto aliyefukuzwa penye mwanga huenda akakimbilia penye giza zaidi.

HOJA ZA WANAOWAACHIA WAZAZI PEKE YAO

Basi je, tuwaachie wazazi peke yao? Hapa napo pana taabu yake.

Mtazame baba atokaye alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku. Mtazame mama auzaye maandazi na vitumbua, mwenye watoto watano na simu moja ipitayo mkono kwa mkono, toka kwa kaka hata kwa kitinda mimba. Mashine iliyo ndani ya simu ile imetengenezwa na wahandisi werevu kupita kiasi, nao hulipwa mishahara mikubwa ili mtoto asiiweke chini. Kumwambia mama huyo apambane nao peke yake, na akishindwa alaumiwe, si insafu.

Tena iko sababu nyingine ambayo wengi huisahau. Mzazi mmoja akimzuia mwanawe, mtoto hulia kwamba yeye peke yake darasani ndiye asiye na akaunti. Na mara nyingi husema kweli. Mzazi humhurumia, akalegeza, asije mwanawe akatengwa. Na jirani naye hulegeza kwa sababu huyu amelegeza. Hivyo mtaa mzima hufanya jambo ambalo katika mtaa huo hapana nyumba hata moja iliyolipenda. Mkono mmoja haulei mwana. Na hapa ndipo sheria ifaapo, kwani yamwondolea mzazi ugomvi wa kila siku: badala ya kusema "mimi nimekataa", husema "haijuzu kwa mtoto yeyote wa umri wako".

RAI YETU

Sisi twaona kuwa wanaobishana wamekosea katika swali lenyewe. Huuliza, "Serikali au wazazi?" kana kwamba kazi ni moja na watu wawili wanaigombania. Kumbe kazi ni mbili.

Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako mtu akiitwa muhtasib. Kazi yake ilikuwa ni kuzunguka sokoni, kupima mizani ya wafanya biashara, kutazama kama maziwa yametiwa maji na kama unga umechanganywa, na kumzuia muuzaji asimdhuru mnunuzi. Lakini muhtasib hakuwa na ruhusa ya kupanda kuta na kuchungulia majumbani, kwa kuwa upelelezi umekatazwa katika dini. Sokoni alikuwa na amri. Mlangoni pa nyumba ya mtu amri yake ilikoma, na ndani alikuwako baba na mama.

Mpaka huo ndio tunaouona kuwa ni wa haki hata leo. Mtandao ni soko, na kampuni ni mfanya biashara. Serikali ina haki, bali ni wajibu wake, kumwambia mfanya biashara huyo: usimwuzie mtoto kitu hiki; usimwekee ukurasa usio na mwisho; usimwachie mgeni mtu mzima amwandikie mtoto asiyemjua; usikusanye habari zake. Baadhi ya sheria zetu zimekwisha kuanza njia hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, katika kifungu cha 33, yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Lililobaki ni kuitekeleza juu ya wakubwa wa soko, si kuiweka kabatini. Na kwa sababu hiyo twaisifu sheria ya Australia katika jambo moja: imemshika muuzaji, haikumshika mtoto. Hapo hapo twasema kuwa sheria yoyote itakayotaka nyuso na majina ya watu wote iwekewe mpaka wa wazi, na kilichoonyeshwa mlangoni kifutwe mlangoni.

Ama ndani ya nyumba, Serikali haina la kufanya. Haiwezi kujua ni mtoto yupi mwenye akili ya kutulia na yupi mwepesi wa kudanganyika. Sheria huhesabu miaka. Mzazi huona mtoto. Nasi Waislamu tumefundishwa kutenganisha baina ya kubaleghe na kupevuka kwa akili, yaani rushdi. Katika Sura ya An-Nisaa walinzi wa mayatima wameamrishwa wawajaribu kwanza, na wasiwakabidhi mali yao mpaka waione rushdi kwao. Fikira hiyo yatufaa hapa: mtoto hajaribiwi siku moja akaachiwa yote, wala hafungiwi mpaka siku ya harusi yake. Hupewa kidogo, akatazamwa. Akifanya vyema akaongezewa, akiteleza akarudishwa nyuma hatua moja.

Wala tusisahau hali ya nyumba zetu wenyewe. Kina mama wengi wa pwani na wa bara wako Saudi Arabia, Oman na nchi nyingine za Ghuba wakifanya kazi, na watoto wao wamebaki kwa bibi au kwa shangazi. Kwa mtoto huyo simu ndiyo paja la mama. Kwayo husikia sauti yake, na kwayo huulizwa kama amekula na kama amekwenda chuoni. Basi mtu yeyote atakayetunga sheria kwetu ajue kutenganisha mazungumzo ya mtu na jamaa zake, na soko la wageni. Australia wametenganisha, nasi tusije tukaiga jina la sheria tukaiacha busara yake.

YALIYO MIKONONI MWETU LEO

Sheria huchukua miaka, na mtoto haachi kukua akiingojea. Kwa hiyo twawakumbusha wazazi mambo machache ambayo hayahitaji Bunge.

La kwanza, simu isilale na mtoto. Ikifika saa ya kulala, simu zote za nyumba ziwekwe mahali pamoja, na ya baba ikiwamo. Mtoto hutii aonalo kabla ya kutii aambiwalo. Na mzazi ambaye hula chakula huku macho yako kwenye simu hana ulimi wa kukataza.

La pili, wazazi wa darasa moja au mtaa mmoja wakutane wapatane umri na masharti. Yale ambayo Australia wameyapata kwa sheria, nyumba kumi zenye kupatana zaweza kuyapata kwa maneno.

La tatu, mzazi ajifunze. Si haya kumwambia mwanao, "Nionyeshe hiki ni nini." Atakuonyesha kwa furaha akiwa na miaka 9, akifika 15 na hukuwahi kumwuliza, atakuficha.

La nne, tuyazuie na mikono yetu. Wako wazazi wanaomkataza mtoto mtandao, na huku picha zake wamezianika humo tangu siku ya arubaini yake. Heshima ya mtoto huanza kwetu.

La mwisho ndilo kubwa. Wako watu waovu ambao hujifanya wasichana au wavulana wa rika moja na mtoto, wakamshawishi apeleke picha ya aibu, kisha wakamtisha kwamba wataieneza asipolipa au asipopeleka nyingine. Mtoto aliyenaswa hivyo hushikwa na hofu mbili: hofu ya yule mwovu, na hofu ya baba yake. Ikiwa hofu ya baba ni kubwa kuliko ile nyingine, atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakompa mwovu nguvu, na huko ng'ambo kumekwisha kuangamiza roho. Basi mtoto na aambiwe mapema, kabla ya jambo kutokea: "Ukipatwa na lolote, hata kama kosa ni lako, njoo kwangu kwanza. Sitakupiga. Tutalitatua pamoja." Na siku atakapokuja, ahadi hiyo itimizwe. Asilipwe yule mwovu hata senti moja. Ushahidi uhifadhiwe, akaunti yake ifungiwe, na habari ipelekwe polisi.

Serikali yaweza kulifunga duka lenye kuuza sumu, na twaitaka ilifunge. Lakini hapana Serikali duniani iwezayo kumfanya mtoto amkimbilie mzazi wake katika saa ya hofu. Mlango huo hufunguliwa na baba na mama peke yao, na hufunguliwa kidogo kidogo, kila siku, kwa upole na kwa kusikiliza. Mwenyezi Mungu atusaidie katika amana hii tutakayoulizwa, na awahifadhi watoto wetu na watoto wa Waislamu wote, na watoto wa jirani zetu pia. Amin.